Mama Alishuhudia Mapema

Kiritiri,
21 Januari 2025.

Kwa dada yangu Veronicah,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Mama hajambo isipokuwa magoti, ambayo huyagombeza kila kukicha kama watoto watundu. Ndengu tumevuna, si haba, na Mwenda anazipakia leo kwenye lori lake kuzipeleka Meru. Ndiyo maana nimempa barua hii badala ya kukupigia. Unajua laini yangu niliivunja nilipotoka Mombasa ili wale wa huko wasinipate. Simu iliyopo ni ya Mama, na Mama huongea akiwa ameweka spika mpaka mbuzi wasikie. Haya ninayokuandikia hayafai spika. Msalimie shemeji Thuranira na watoto, na hilo tumbo pia.

Sasa sikiliza. Jumapili ya tarehe kumi na mbili Mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Mimi nilikuwa benchi la tatu, nyuma ya kwaya. Akasema, "Bwana asifiwe sana! Mnamjua huyu Njagi wangu, alikuwa anatumia unga huko Mombasa miaka saba. Sasa ameacha, na hata zile dawa za kliniki amemaliza. Hamezi kitu! Ni Yesu tu!" Kanisa likalipuka. Akina mama wakapiga vigelegele, na mzee wa kanisa Njiru akaja akanikumbatia mpaka nikaguna. Vero, vidonge vyangu vilikuwa kwenye mfuko wa shati. Nilivisikia vikinibana kifuani.

Sijamaliza. Sikuwa hata karibu na kumaliza. Daktari wa kliniki kule Nairobi, ninakoenda kila baada ya wiki mbili, aliniambia wazi kwamba hii si dawa ya homa useme umepona siku ya tano. Inashika mahali pa unga ili mwili utulie, na siku ya kuipunguza ikifika, itapunguzwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, yeye akiniangalia. Na nilikuwa nimetulia. Nililima, nilikula, nililala kama mtu.

Jumatatu nikavitupa vyote chooni, kumi na kimoja. Ungefanya nini wewe? Akina mama walikuja mchana na sukari na majani ya chai kumpongeza Mama, akawa anazunguka uani kama bibi harusi. Tangu Baba afariki sijamwona akitembea hivyo. Nikajiambia ni afadhali niumie mimi kuliko Mama aonekane mwongo mbele ya kanisa zima. Mchungaji ameshaandika jina langu, eti Pasaka nisimame nitoe ushuhuda wangu mwenyewe.

Leo ni siku ya nane. Siku mbili za kwanza hazikuwa mbaya, nikajidanganya. Sasa napiga miayo mfululizo mpaka taya zinauma, pua inachuruzika, tumbo limefunguka, na vinyweleo vimenisimama na hili jua lote la Mbeere. Miguu ndiyo mbaya zaidi. Inataka kurusha mateke yenyewe. Mama anasema ni malaria, na amenitafutia dawa ya malaria. Nimeimeza ili asiulize zaidi.

Nina swali moja tu, unijibu. Nani alimwambia Mama kwamba nimemaliza dawa? Mimi sikumwambia.

Ni mimi nduguyo,
Njagi.


Mikinduri,
3 Februari 2025.

Ndugu yangu mpendwa Njagi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nafuu. Yako ilichelewa kwa sababu lori la Mwenda liliharibika gia, naye akaisahau chini ya kiti, ikanifikia ikinuka dizeli. Sisi huku tu wazima. Mukiri sasa yuko gredi ya nne na anajiona mwalimu mkuu. Mutwiri amepoteza meno mawili ya mbele na hataki mtu amcheke. Thuranira anachuma miraa na kulalamika, ndizo kazi zake mbili. Mimi ni miezi saba, miguu imevimba, na muuguzi amenikataza safari yoyote ya gari mpaka nijifungue.

Pole sana, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaificha chini ya godoro. Lakini tazama ulikofika! Utakapokuwa unasoma haya utakuwa umemaliza wiki tatu. Daktari ni kazi yake kukwambia uendelee, ukiacha atamtibu nani? Mvumilivu hula mbivu. Kunywa maji, kula uji wa wimbi, na uombe. Thuranira anasema mtu anayeacha kitu huishiwa nguvu, na dawa ya uchovu inamea hapa hapa shambani kwake. Amekukatia kibunda kizuri cha miraa, cha kiwango cha kumpelekea mkwe, na amekifunga kwa majani ya mgomba kisikauke njiani. Tafuna, uchangamke.

Pasaka si mbali. Hebu wazia uso wa Mama siku hiyo.

Usimwambie Mama neno. Presha yake na magoti vinamtosha.

Dada yako akupendaye,
Vero.


Kiritiri,
17 Februari 2025.

Vero,

Mama anakusalimu. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Salamu zimeisha.

Mvumilivu hula mbivu, umeniandikia. Mimi hata uji haukai tumboni. Mwambie shemeji asante, najua alitoa kwa moyo mweupe, lakini kile kibunda kilinimaliza. Nilikuwa silali, nikatafuna, nikawa hata jicho sifumbi. Siku nne nzima moyo ulipiga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, na miguu ikapiga mabati ya ukuta mpaka Mama akahamishia kitanda chake jikoni. Lakini ndivyo tulivyo watu wa huku. Mtu akisema amechoka anapewa miraa, akisema ana huzuni anapewa miraa. Iliyobaki niliwatupia mbuzi, nao wakafurahi sana.

Sijui nikueleze vipi uelewe. Nikilala nataka kusimama. Nikisimama nataka kulala. Ngozi inawasha kwa ndani, mahali ambapo ukucha haufiki. Nalia bila sababu. Juzi nililia kwa kuwa kifuniko cha sufuria kilianguka. Leo ni siku ya thelathini na tano, Vero! Mtu akiacha unga ghafla, mwili humtesa wiki moja hivi kisha ukaanza kutulia. Hii dawa hutoka polepole, na mateso yake ni ya polepole vilevile. Tena mwili ningeuvumilia. Siwezi kuvumilia kichwa. Kila asubuhi kinaniambia kuna njia ya kumaliza haya yote kwa dakika tano.

Mama naye anaimba jikoni akipika muthokoi. Anaimba zile nyimbo za ushindi, moja baada ya nyingine, na mimi nasikia kila neno nikiwa nimeuma blanketi.

Alhamisi nilienda mjini Embu kunyoosha miguu. Nikakutana na mtu tuliyejuana naye Mombasa. Hatukuongea mengi.

Yule beberu mweusi hayupo. Mama anadhani wezi wa mbuzi wamerudi. Usiniulize.

Na hujanijibu. Nilikuuliza swali moja, ukaniandikia meno ya Mutwiri.

Njagi.


Mikinduri,
24 Februari 2025.

Ndugu yangu Njagi,

Watoto ni wazima, na wa tumboni anapiga mateke. Naandika haraka kwa sababu Mwenda yuko hapa nje na anasema ndengu zimekwisha, baada ya leo hatateremka tena huko mpaka katikati ya mwezi wa tatu.

Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia Mama.

Ilikuwa wiki ya Krismasi. Alikuwa akinipigia kila jioni, "Vero, kijana yangu bado anakula zile dawa? Si hiyo ni unga tu imebadilishwa jina?" Nilimweleza, Mungu ni shahidi wangu, nilimweleza labda mara ishirini. Kesho yake anauliza tena akilia. Jioni moja Mutwiri alikuwa na homa, nyumba imejaa wageni wa Thuranira, nimesimama tangu alfajiri. Nikamwambia, "Mama, amemaliza. Sasa ulale." Halafu akacheka, Njagi. Nilikuwa nimesahau jinsi Mama anavyocheka. Nikasema nitamrekebisha baada ya mwaka mpya. Ningejuaje kwamba atalipeleka kanisani? Lakini ningejua. Mama yetu hata akivuna boga kubwa hulipeleka kanisani.

Barua yako ya kwanza iliponifikia niliona aibu. Nikakuambia uvumilie kwa sababu kama ungevumilia mpaka mwisho, uongo wangu ungegeuka ukweli na hakuna ambaye angejua. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine iliyo nzuri zaidi.

Jana nilikwenda kwa daktari Winrose wa zahanati hapa sokoni, nikamweleza habari zako kana kwamba ni za jirani. Akanitazama sana. "Huyo jirani yako bado ako hai?" akaniuliza. Akanieleza kwamba mtu aliyekaa wiki nyingi bila unga na bila dawa, mwili wake husahau. Kiasi alichokuwa akitumia zamani na kutembea nacho, leo kinaweza kumkata pumzi. Anasema wengi hufa hivyo, si wakati wanatumia bali baada ya kuacha na kurudi. Njagi, nakuomba, usiguse. Rudi kliniki. Waambie ulizitupa. Amesema kliniki haipaswi kumfukuza mtu kwa sababu hiyo.

Beberu yuko wapi?

Nisamehe, au usinisamehe, lakini rudi kliniki.

Vero.


Mikinduri,
14 Machi 2025.

Njagi,

Watoto ni wazima. Wiki mbili na zaidi zimepita sijapata hata mstari kutoka kwako. Lori halijakuja, najijibu hivyo kila siku nikipita pale Mwenda huegesha.

Jana nilimpigia Mama nikauliza habari zako. Akanijibu kwa furaha, "Ako sawa kabisa! Siku hizi analala vizuri. Analala hata mchana. Hata akikaa tu kwa kiti, unaona kichwa kinaanguka. Mungu amemrudishia usingizi wake."

Nilikaa chini juu ya gunia la maharagwe. Nakumbuka ulivyokuwa ukilala kwenye kiti mwaka ule mimi na Thuranira tulipokuja kukutafuta Mombasa, kidevu kifuani, sigara ikikuunguza vidole na wewe huna habari. Nilifungua mdomo nimwambie Mama. Nikaogopa. Niliogopa presha yake. Lakini zaidi niliogopa ataniuliza kwa nini nilimdanganya. Nikasema amina. Mama ananieleza jinsi unavyokufa, na mimi nasema amina!

Mwenda ataichukua barua hii kesho. Nimekaa hapa nikipiga hesabu, kesho apakie, keshokutwa afike, wewe uisome labda Jumatatu. Ni ujinga gani huu? Mficha maradhi, kilio humfichua, na safari hii mimi ndiye ninayeficha. Naweka kalamu chini nimpigie Mama sasa hivi, na nitamwambia yote. Ukinichukia, unichukie ukiwa hai.

Vero.


Kiritiri,
27 Aprili 2025.

Kwa dada yangu Veronicah na mgeni wetu mpya,

Hongera sana kwa mtoto wa kike. Mama ameonyesha picha yake soko zima, mpaka wauza mchanga wamemjua. Mvua imenyesha vizuri na mtama umeota. Barua yako ya tarehe kumi na nne ilinifikia nikiwa nimeshatoka hospitali.

Ulisikia kelele kwenye simu lakini hukuona, na Mama hakukueleza yote. Nitakueleza mimi, kwa sababu nimechoka kuficha. Barua yako ya Februari niliisomea nyuma ya zizi. Niliisoma yote, na maneno ya daktari Winrose niliyasoma mara mbili. Sikukuchukia kwa kumwambia Mama nimemaliza. Mtu akichoka husema lolote. Nilikuchukia kwa lile la uvumilivu. Siku hiyo hiyo nilikwenda Embu. Sisemi wewe ndiye uliyenipeleka. Beberu nilikuwa nimeshamuuza zamani, nikawa nazunguka na hela mfukoni bila kuthubutu. Nasema tu kwamba siku ilikuwa hiyo. Mara ya kwanza nilitumia kidogo sana kwa kuogopa ulichoandika. Nikalala, Vero. Usingizi wa kwanza baada ya wiki sita. Nani angeacha? Ijumaa ile ulipopiga simu nilikuwa nimeongeza.

Mama alikuja nyuma ya zizi na simu mkononi, wewe ukiwa bado unaongea. Anasema alinikuta chali, midomo imekuwa rangi ya jivu, nakoroma kidogo kisha nanyamaza muda mrefu. Alinizaba makofi, akanimwagia maji ya kunyweshea mbuzi, akapiga nduru. Mzee Njiru ndiye aliyekuja na pikapu. Njiani Mama alinipulizia pumzi mdomoni. Hakuna aliyemfundisha, anasema aliona tu kifua hakiendi. Hospitalini nikadungwa sindano ya kuzima unga, fahamu zikarudi, na nilirudi nikitapika na kutetemeka, yale mateso ya wiki sita yakaja yote kwa mpigo.

Nitakuambia jambo ambalo Mama hajui. Nilitoka hospitali Jumamosi, na Jumapili, yeye akiwa kanisani kushukuru, nilitumia kilichokuwa kimebaki. Nilijua kinaweza kuniua na nikatumia. Sitaki ufikiri nilifunguka macho kitandani nikawa mtu mwingine.

Jumatatu asubuhi tukaenda Nairobi, yeye na mimi. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza tu mara ya mwisho ilikuwa lini, nikamnong'oneza ili Mama asisikie. Akasema basi hawezi kunipa kidonge siku hiyo. Unga ukiwa bado mwilini, dawa huufukuza kwa nguvu na mtu huumia kuliko asipopewa. Lazima tungoje mpaka mwili uanze kuulilia unga wenyewe, ndipo aniwekee. Tukachukua chumba cha wageni karibu na hapo. Saa nane mchana mateso yalikuwa yameanza. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki akanitazama nikijikunja, nikikimbilia choo, nikipiga ukuta kwa miguu. Hakuomba kwa sauti. Alinishika nyayo akazikandamiza kwa mikono miwili.

"Hii ndio ulikuwa nayo mwezi wa kwanza?" akaniuliza.

"Ndio, Mama."

"Wiki hizo zote?"

"Ndio."

"Na mimi nikiimba?"

Alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa, na bado hakuniachia miguu. Asubuhi daktari aliniwekea kidonge chini ya ulimi, na kabla ya saa sita nilikuwa nakunywa chai.

Sasa habari ya Pasaka, maana najua huko Mikinduri umesikia nusu. Jina langu lilikuwa bado kwenye ratiba. Mzee Njiru alikuwa ameona yote ndani ya ile pikapu yake, lakini hakusema, na mchungaji hakuuliza. Wakaniita. Nikabaki nimeshika benchi la mbele yangu. Mama ndiye aliyesimama, akaenda mbele akijikongoja, akachukua maikrofoni kutoka kwa mtu wa kwaya.

"Bwana asifiwe," akasema. Wakaitikia. "Mwezi wa kwanza niliwaambia Njagi amemaliza dawa. Hakuwa amemaliza. Nilisikia neno moja nikaongeza yangu kumi, kwa sababu nilitaka hiyo makofi yenu. Kijana akatupa dawa ndio mimi nisiaibike. Karibu nimzike. Sasa ameanza tena, na ataendelea mpaka daktari aseme, hata kama ni mpaka mimi nife. Ushuhuda wangu ni huo. Bwana asifiwe."

Wengine waliitikia, wengine walitazama chini. Hakuna aliyepiga makofi. Mchungaji akaita wimbo haraka haraka. Tangu siku hiyo akina mama wa kikundi wanamsalimia Mama kwa mbali, na hakuna aliyekuja na sukari. Yeye anasema sukari ni mbaya kwa presha.

Jina lako hakulitaja, na amenikataza nilitaje. Anasema mtoto akifikisha miezi mitatu uje naye. Yeye hana kinyongo. Mimi bado ninacho kidogo, sitakudanganya, ingawa najua vizuri kwamba bila ile simu yako ningekuwa chini ya udongo wa hapa nyumbani.

Siko sawa, Vero. Dawa imenishika tena, nakula, lakini kuna asubuhi najikuta nimefika steji ya magari ya Embu na sikumbuki niliamua lini kwenda. Nageuka narudi. Wiki iliyopita niligeuka mara mbili. Mama huniona nikiingia uani na jasho, ananiwekea maji ya kuoga na haniulizi nilikuwa wapi.

Njoo. Nakuhitaji hapa. Ukifika uniulize habari za mbuzi, za mvua, za chochote kile, nami nitakujibu. Usiniulize tu nitamaliza lini.

Nduguyo,
Njagi.